Kufuli Likae Wapi? Uchambuzi wa njia za kubeba kufuli la baiskeli

Swali la kwanza ambalo mnunuzi wa kufuli la baiskeli humuuliza muuzaji ni kama linakatika. La pili ni bei. Kisha analipa, anaondoka, na ndipo anapogundua kwamba hana pa kuliweka. Kufuli la chuma la kilo moja na nusu halikunjiki, haliingii mfukoni, na likining'inizwa ovyo linagonga fremu katika kila tuta. Siku chache baadaye linaachwa nyumbani, na baiskeli inafungwa kwa waya mwembamba au haifungwi kabisa.

Hapo ushauri huanza kumiminika, na kila mshauri ana lake. Mmoja anasema mnyororo uvaliwe kiunoni kama mkanda. Mwingine anaonya kwamba chuma chochote mwilini ni hatari ukianguka. Muuzaji anakupa kibanio cha plastiki kilichomo ndani ya boksi. Fundi anakitazama na kusema hakitamaliza mwezi. Mwenye Phoenix ya zamani anashangaa tatizo liko wapi, maana kufuli lake limekazwa kwenye baiskeli tangu ilipotoka dukani. Wote hao wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia baiskeli nyingine, barabara nyingine na mwizi mwingine. Makala haya yanazipanga hoja zao na kuzipima. Msimamo wangu nautaja mapema: mahali pa kubebea pachaguliwe kabla ya kufuli lenyewe. Anayeanza na ugumu wa chuma mara nyingi hununua kitu ambacho hatakuwa nacho siku atakapokihitaji.

Tatizo lilipoanzia

Zamani mwendesha baiskeli wa mjini alifunga kwa mnyororo na kufuli la kawaida, au kwa waya wa chuma. Vyote viwili vilikatika kirahisi, lakini vilibebeka: uliviringisha chini ya kiti na safari ikaendelea. Mwaka 1971 fundi baiskeli Mmarekani, Stanley Kaplan, alibuni kufuli la chuma kigumu lenye umbo la U, na Michael Zane akalieneza sokoni kwa jina la Kryptonite. Mwaka uliofuata baiskeli ilifungwa kwa kufuli hilo kwenye nguzo huko Greenwich Village, New York, ikaachwa hapo siku 30. Wezi walichomoa vipuri vyote vilivyochomoka, lakini kufuli halikufunguka.

Ushindi huo ndio uliozaa shida tunayoizungumzia. Upinde wa U hauna kiungo hata kimoja kinachopinda. Hauviringishwi wala haukunjwi. Unabaki na umbo lake lile lile, ukiwa umefunga au umefunguliwa. Kuanzia hapo usalama na urahisi wa kubeba viliachana njia.

Tangu wakati ule chuma kimekuwa kikinenepa, na sababu yake ni zana za wizi. Waya hukatwa kwa koleo la mkononi. Mnyororo wa chuma laini wa milimita 8 haufui dafu mbele ya mkasi wa kukatia nondo. Upinde wa milimita 13 uliokomazwa kwa moto huushinda mkasi wa kawaida, na ule wa milimita 16 au 18 huishinda karibu mikasi yote. Kisha ikaja grenda inayotumia betri, ambayo haina habari na unene. Kuanzia mwaka 2021 kampuni kama Hiplok ya Uingereza zimeuza makufuli yaliyochanganywa na mata inayoila diski ya grenda kabla diski haijaula upinde, nayo yana uzito wa karibu kilo mbili.

Kwa hiyo soko la leo limepangika hivi: waya ni gramu mia tatu hadi mia tano, kufuli la vipande vya kukunja ni kilo moja na kitu, kufuli la U ni kilo moja hadi mbili, na mnyororo wa maana huanzia kilo mbili na kufika hata tano. Uingereza na Uholanzi kuna msukumo mwingine juu ya huo. Taasisi ya Sold Secure, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1992 kwa ushirikiano na polisi, hupima makufuli na kuyapa madaraja, na kampuni za bima hudai daraja fulani kabla ya kulipa fidia. Mwendeshaji wa huko hana uhuru kamili wa kupunguza uzito. Kwetu Afrika Mashariki bima ya baiskeli si jambo la kawaida, na hivyo uamuzi ni wa mwendeshaji mwenyewe: anaangalia baiskeli yake inagharimu nini, anaiacha wapi, na kwa muda gani.

Uzito unalaumiwa kupita kiasi

Lalamiko la kwanza kila mahali ni uzito. Likipigiwa hesabu, linapungua sana.

Chukua mwendeshaji wa kilo 70 juu ya baiskeli ya chuma ya kilo 20. Jumla ni kilo 90, na kufuli la kilo moja na nusu ni chini ya asilimia 2 ya mzigo huo. Ukipanda mlima wa mita 100 kwenda juu, kufuli hilo linakudai takriban jouli 1,470 za ziada. Hata ukikubali kwamba misuli hupoteza robo tatu ya nishati yake kama joto, gharama haifiki kilokalori mbili. Tende moja ina zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kwenye barabara tambarare, kama nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mjini, upepo na tairi lisilojaa vizuri hukuchosha kuliko kufuli lolote.

Kinachochosha hasa ni mahali uzito ulipo na kama unacheza. Kilo moja na nusu iliyotulia katikati ya fremu haihisiki. Kilo hiyo hiyo ikining'inia kwenye usukani inavuta mkono, na ikiwa mgongoni inaongeza jasho na kubana bega kwa safari nzima. Kwa hiyo katika kupima kila njia nitauliza mambo manne: kufuli linatulia? Litakuumiza ukianguka? Linatoka na kurudi upesi kiasi gani? Na kufuli lenyewe litadumu vipi katika vumbi, mvua na hewa ya chumvi?

Mwilini

Njia hii ilipata sifa kwa matarishi wa baiskeli wa miji kama New York na London, watu wanaosimama na kuondoka mara nyingi kwa siku. Wapo wanaovaa mnyororo kiunoni, wapo wanaoupitisha begani hadi ubavu wa pili, na wapo wanaochomeka kufuli dogo la U kwenye mkanda au mfuko wa nyuma wa suruali. Faida zake ni za kweli. Haihitaji kifaa. Haijali baiskeli ina fremu ya aina gani, na mwenye baiskeli mbili hahamishi chochote. Kufuli halipigi kelele, na mkono unalifikia mara moja.

Kufuli dogo la mfukoni lina historia yake, na inafaa kuielewa. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye maandishi yake yamewafundisha mafundi wengi duniani, alitetea namna moja ya kufunga: upinde uzunguke rimu ya nyuma na nguzo, ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Gurudumu haliwezi kupita kwenye pembetatu hiyo, basi fremu nayo imefungwa bila kuguswa na kufuli. Kwa namna hiyo kufuli dogo sana linatosha. Wapinzani wake walisema mwizi anaweza kukata rimu. Jibu lake lilikuwa kwamba rimu iliyovutwa na spoki ni ngumu kukata, na akiikata ameharibu kipuri cha gharama kubwa. Naona jibu hilo linasimama kwa rimu nzuri kwenye mtaa wenye watu. Usiku mahali pasipo na macho linalegea. Hata hivyo mchango wake kwa suala letu ni mkubwa: badala ya kutafuta namna ya kubeba kufuli kubwa, alitafuta namna ya kufunga inayoruhusu kufuli dogo.

Udhaifu wa njia ya mwilini unaonekana mtu anapoanguka. Upinde uliochomekwa nyuma uko jirani na uti wa mgongo na figo, na mnyororo wa kiunoni unakaa kati ya nyonga na lami. Hatari ya pili haizungumzwi vya kutosha: wapo wanaojifunga mnyororo kiunoni kwa ufunguo kabisa ili usilegee. Aliyejifunga hivyo akipoteza fahamu, wanaomsaidia hawawezi kumvua. Mikanda ya mnyororo iliyobuniwa makusudi kwa kuvaliwa inafungwa njiani kwa bizimu tu, ufunguo unatumika kwenye nguzo peke yake. Anayetaka njia hii asikubali kitu pungufu ya hicho. Mnyororo wa begani nao huonekana mwepesi dukani, lakini mwendeshaji akiinama unateleza kuja kifuani na kuvuta shingo.

Hali ya hewa na mavazi navyo vina neno. Jasho la pwani linaingia kwenye vifundo vya mnyororo na kutu inaanza. Shati jeupe la ofisini linabaki na mstari wa kahawia. Mwanamke aliyevaa gauni, au baibui, hana mfuko wa nyuma wala mkanda wa kuchomekea chuma, na ushauri unaomsahau haujakamilika. Mkoba wa mgongoni ndio unaobaki kwa wengi. Ndani yake kufuli ni kavu na salama, ila liwekwe chini kabisa na lizungushiwe nguo, kwa sababu pembe zake zinaelekea mgongo. Kwa anayebeba mkoba kila siku, njia hii haimwongezei kitu kingine cha kununua.

Kwenye fremu

Kambi hii inasema baiskeli ibebe mzigo wake. Kwa nadharia ndiyo yenye hoja bora: uzito uko chini na katikati, mwili uko huru, na kufuli haliwezi kusahaulika nyumbani. Kibanio kinakazwa kwenye bomba, kufuli la U linachomekwa, safari inaanza.

Kwa vitendo inategemea bomba. Vibanio vingi vilianza kubuniwa wakati mabomba yalikuwa ya chuma na mviringo, milimita 25.4 kwa bomba la juu na 28.6 kwa la chini. Baiskeli za alumini zinazoingia sasa, pamoja na nyingi za mtumba, zina mabomba manene ambayo si mviringo: upande mmoja bapa, upande mwingine yamechongoka. Kibanio kinashika sehemu mbili tu za bomba badala ya kulizunguka. Matokeo yake yanafahamika kwa kila fundi. Matuta na changarawe vinalegeza skrubu robo mzunguko kwa wakati. Siku moja kibanio kinageuka, upinde unaelekea upande wa goti, na mwendeshaji anaupiga kila anapokanyaga pedali. Anaukaza tena kwa nguvu, na plastiki iliyokwisha kupigwa na jua inapasuka kwenye tundu la skrubu.

Tiba ipo, na ni rahisi. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye bomba kabla ya kukaza kibanio. Raba inajaza nafasi, inashika, na inazuia rangi isichubuke. Kaza tena baada ya siku chache za kwanza, kwa kuwa raba hujibana. Tone la gundi ya nati kwenye skrubu huzuia kulegea. Kwa fremu ya kaboni, ambayo kuta za mabomba yake hazikuundwa kubanwa, nashauri kibanio kiachwe kabisa.

Njia nzuri zaidi katika kambi hii ni kutumia matundu mawili ya kufungia kishikio cha chupa, ambayo baiskeli nyingi za kisasa zinayo, yakiwa na skrubu za milimita 5 zilizopishana milimita 64. Kufuli la kukunja hukaa kwenye ala yake iliyokazwa hapo, na halizunguki kamwe kwa kuwa skrubu zimeingia ndani ya bomba lenyewe. Wanaolisifu kufuli la kukunja mara nyingi wanasifu, bila kujua, mahali linapokaa. Viungo vyake ndiyo sehemu dhaifu: kila riveti inayounganisha vipande ni mahali pa kushambuliwa. Unanunua ubebaji mzuri kwa sehemu ya usalama, na wengi wangekubali biashara hiyo kama wangeelezwa wazi.

Lipo jambo dogo la kuzingatia kwa kufuli lolote linalokaa chini ya fremu. Gurudumu la mbele hulirushia matope na mchanga moja kwa moja. Tundu la ufunguo lielekee chini au lifunikwe, na lilainishwe kwa unga wa grafaiti au kilainishi kikavu. Mafuta ya cherehani hukusanya vumbi mpaka ufunguo ukagoma. Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ni ya chumvi, uangalizi huo unatakiwa mara kwa mara.

Baiskeli za kike zisizo na bomba la juu, na zile kubwa zenye mabomba mawili ya juu, hazina nafasi ya wazi ambayo watengenezaji wa vibanio waliikusudia. Baiskeli hizo ni nyingi sana kwetu. Kwa wenye nazo, njia ifuatayo ndiyo jibu.

Keria na kikapu

Washauri wa Ulaya hupita hapa haraka, kwa kuwa baiskeli zao nyingi za mazoezi hazina keria. Sisi hatuna sababu ya kupita haraka. Baiskeli ya Phoenix, Avon, Hero au Raleigh ya kawaida ina keria ya chuma nyuma. Buffalo, baiskeli ya mizigo inayouzwa Kenya na nchi nyingine za Afrika, ina keria iliyoundwa kubeba kilo 100. Kufuli la kilo mbili juu yake ni kitu kidogo mno.

Upinde wa U unalazwa bapa, mdomo wake ukielekea mbele, karibu na bomba la kiti kadiri inavyowezekana, kisha unafungwa kwa raba ya tyubu. Raba hiyo, iliyokatwa kwa urefu kutoka kwenye tyubu ya zamani kwa upana wa vidole viwili, inashinda kamba nyingi za dukani: inavutika, haitelezi juu ya chuma, na ikikatika fundi yeyote anakupa nyingine. Izungushwe mara mbili na ncha ichomekwe chini ya mzunguko wa mwisho. Ncha hiyo isiachwe ikining'inia, maana ikishuka kwenye spoki itajiviringa kwenye habu na kulikwamisha gurudumu. Kwa mnyororo, upitishe kwenye vyuma vya keria na kuufunga hapo hapo kwa kufuli lake: hauwezi kuanguka, na hakuna atakayeuchukua ukisimama dukani.

Kelele ndiyo kero kubwa ya keria. Chuma juu ya chuma kinalia katika kila shimo. Vipande viwili vya raba vilivyozungushwa kwenye vyuma vya keria vinaimaliza kero hiyo kwa gharama isiyofika bei ya soda. Kikapu cha mbele kina kero ya namna nyingine, kwa kuwa kufuli hurukaruka ndani yake na linaweza kuruka nje kwenye tuta. Lifungwe kwenye ukingo wa kikapu au lilale chini ya mzigo mwingine.

Udhaifu halisi ni kwamba keria ina kazi nyingine. Kwa mwendesha bodaboda ya baiskeli, kazi ambayo jina lake lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, keria ni kiti cha abiria na ndiyo riziki. Muuza mkaa na muuza maziwa nao hawana nafasi hapo. Kwa hao kufuli linalofaa ni lile lisilohitaji keria, na tutaliona punde. Kwa mwanafunzi, karani, fundi na mama anayekwenda sokoni, keria inashinda kibanio chochote cha plastiki, na inasikitisha kuona mtu akiing'oa ili baiskeli ionekane ya kisasa kisha akahangaika kubeba kufuli kiunoni.

Kwenye usukani

Hapa sina cha kupima sana. Kufuli linaloning'inia kwenye usukani linabembea kila unapokata kona, linavuta gurudumu upande mmoja na linagusa nyaya za breki. Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni kwamba likiingia kwenye spoki za gurudumu la mbele, gurudumu husimama ghafla na mwendeshaji hurushwa mbele juu ya usukani. Hakuna faida ya haraka inayolingana na hatari hiyo. Waya mwepesi unaweza kuzungushwa kwenye nguzo ya kiti. Kwenye usukani usikae hata huo.

Kufuli lisiloshuka

Mwenye Phoenix aliyeshangaa tatizo liko wapi ana hoja nzito. Kufuli la duara lililokazwa kwenye fremu juu ya tairi la nyuma, ambalo chuma chake kinapita kati ya spoki ukikisukuma, halibebwi na mtu kabisa. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, ndilo kufuli la msingi la baiskeli za mjini. Japani nako ni hivyo hivyo. Kwa aina nyingi ufunguo hauchomoki mpaka kufuli lifungwe, hivyo mtu hawezi kujikuta amefika kazini na ufunguo umebaki nyumbani. Kufunga ni suala la sekunde mbili, na kwa sababu hiyo watu hufunga kweli, hata wanapoingia dukani kununua mkate.

Udhaifu wake unafahamika. Linazuia baiskeli isiendeshwe, halizuii isibebwe. Kilo 20 hupakiwa kwenye pikapu au bajaji bila shida. Waholanzi walijibu kwa mnyororo mwepesi wenye ncha inayochomekwa kwenye kufuli hilo hilo: mnyororo unazunguka nguzo, ncha inaingia kwenye tundu, ufunguo mmoja unafunga vyote viwili. Mnyororo huo una kazi moja tu, kuzuia baiskeli isiinuliwe, kwa hiyo unaweza kuwa mwembamba na kukaa kwenye mfuko mdogo chini ya kiti.

Naona mpangilio huu ndio unaofaa watu wengi kuliko mwingine wowote hapa kwetu, na ni bahati mbaya kwamba unatazamwa kama wa kizamani. Bodaboda na mwenye mizigo wanaupata bila kugusa keria. Mwanamke hahitaji mfuko. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani huja na kufuli hili lakini bila ufunguo, na mafundi hulikata na kulitupa. Nafasi yake ya kukazia inabaki kwenye fremu. Kuweka jipya ni kazi fupi, na linagharimu kidogo kuliko kufuli la U la maana.

Kuliacha uendako

Wapo wanaokwepa suala zima: mnyororo mzito unaachwa umefungwa kazini, mwingine nyumbani, na njiani hakuna kinachobebwa. Kwa anayekwenda mahali pamoja kila siku hoja hii ni nzuri kuliko inavyosikika, kwa kuwa mnyororo usiobebwa unaweza kuwa na kilo tano bila kumchosha mtu. Gharama yake inajitokeza siku ratiba inapovunjika, yaani kupitia hospitali, sokoni, au msibani. Pia mnyororo ulioachwa nje mwaka mzima hushika kutu, na mwizi ana muda wa kuuchunguza. Njia hii inakamilishwa na kufuli dogo la safarini. Peke yake haitoshi.

Kuzipima pamoja

Tukirudi kwenye maswali manne, njia zinagawanyika kuliko wauzaji wanavyodai. Kwa utulivu, kufuli la duara na ala ya kwenye matundu ya chupa vinaongoza, keria yenye raba inafuata, na kibanio cha plastiki kwenye bomba lisilo mviringo ni cha mwisho. Kwa usalama wa mwili, chochote kilicho kwenye baiskeli, isipokuwa usukani, kinashinda chochote kilicho mwilini. Kwa wepesi, mfuko wa nyuma na kufuli la duara vinakaribiana. Kwa maisha ya kufuli lenyewe, ndani ya mkoba ni bora kuliko nje, na chini ya fremu ni pabaya zaidi.

Anayeishi mjini na kusimama mara nyingi, mwenye baiskeli ya kawaida ya chuma, anunue kufuli la duara na mnyororo mwembamba wa kuongezea. Mwenye baiskeli ya bei, anayeiacha saa nyingi nje ya ofisi, anahitaji kufuli la U lililokomazwa; alifunge kwenye keria, au aliweke chini ya mkoba ambao angeubeba hata hivyo. Mwenye baiskeli nyepesi ya mazoezi anayesimama tu kunywa chai huku akiiona, waya kwenye mfuko wa jezi unamtosha mradi asiondoke machoni pake. Kuvaa mnyororo nawaachia wale ambao kazi yao ni kusimama na kuondoka kutwa nzima, tena kwa bizimu, kamwe si kwa ufunguo.

Inabaki sababu moja iliyo nje ya uwezo wa mwendeshaji. Urefu wa kufuli, na kwa hiyo uzito wake, unaamuliwa na kitu cha kufungia. Nguzo ya umeme ya mti yenye kipenyo cha sentimita 25 ina mzingo wa karibu sentimita 79. Ukiongeza fremu, kufuli la U halifiki, na mtu analazimika kubeba mnyororo wa mita moja na zaidi. Bomba lililopindwa na kuzikwa kwenye zege, kama yale yanayoonekana nje ya maduka katika miji ya Uingereza, linakubali kufuli dogo kabisa. Utrecht, Uholanzi, walikwenda mbali zaidi: maegesho ya baiskeli chini ya kituo chao cha treni, yaliyokamilika mwaka 2019, yana nafasi 12,500 chini ya uangalizi, na saa 24 za kwanza ni bure. Hatuhitaji kuanzia huko. Soko, benki, zahanati au msikiti ukizika mabomba matatu mbele ya mlango wa mlinzi, wote wanaofika hapo kwa baiskeli wataweza kuacha mnyororo wa kilo tatu nyumbani na kuja na kufuli la kilo moja.